Mkopo wa Chuo Kikuu na Muhuri wa Mtaa: Nani Anastahili, na Nani Anaweza Kuthibitisha?

Mwezi Mei unapoelekea ukingoni, Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, hutangaza majina ya vijana waliomaliza kidato cha sita na kambi wanazotakiwa kuripoti kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Moja ya kambi hizo ni Makutupora, Kikosi 834 KJ, kaskazini mwa Jiji la Dodoma kwenye barabara iendayo Kondoa na Babati. (Makutupora inayotajwa kwenye reli ya SGR ni nyingine, iko Manyoni mkoani Singida.) Tangazo huja na orodha ya vitu vya kubeba: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za kuhimili baridi. Humohumo limo agizo lisilohusu gwaride: kijana aje na nyaraka zote zinazotakiwa katika kuomba elimu ya juu, mfano cheti cha kuzaliwa na vyeti vya sekondari.

Agizo hilo limeletwa na kalenda. Dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati vijana wako kambini. Mwaka 2024 waliripoti wiki ya kwanza ya Juni na dirisha likafunguliwa mwezi huohuo. Maelfu ya vijana basi huomba mkopo wakiwa kuruta, wengine wakiwa mikoa mitatu au minne kutoka nyumbani. Bodi inalifahamu hilo na imekuwa ikituma maofisa kambini kutoa maelekezo. Hata hivyo, mazingira hayo ya Makutupora yanaweka wazi swali ambalo kwa kawaida hufichika ndani ya fomu: mkopo wa serikali ni wa raia, wa mkazi, au wa maskini? Na mtu anaonyeshaje kwamba yeye ndiye?

Kwa Tanzania Bara, sheria imeegemea uraia na haijaweka sharti la ukazi. Utaratibu wa kuomba, kwa upande wake, umejaa mambo ambayo ni mtu mwenye makazi yanayofahamika tu anayeweza kuyatimiza kwa urahisi. Makala hii inashikilia kwamba hapo ndipo haki ya mkopo inapopatikana au kupotea kwa vijana wengi, na kwamba mzigo wa kuthibitisha, ambao leo uko begani mwa mwombaji, ungebebwa na daftari za serikali yenyewe.

Sheria inataka nini

HESLB iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Ilirithi safari ndefu. Kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru serikali iligharamia wanafunzi wa chuo kikuu kwa ukamilifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanza sera ya kuchangia gharama, wazazi wakabeba kwanza nauli na ada ndogondogo, kisha chakula na malazi vikaingizwa kwenye mkopo. Bodi ilipoanza, katika mwaka wa masomo 2005/06, ilihudumia wanafunzi wapatao 42,000 kwa takribani Sh bilioni 56. Mwaka 2024/25 bajeti ilifika Sh bilioni 787 kwa wanafunzi wapatao 245,000. Fedha hizo ni nyingi, na ndiyo maana suala la nani anastahili si la kiofisi tu.

Masharti ya msingi yanaeleweka. Mwombaji awe Mtanzania asiyezidi miaka 35 wakati wa kuomba. Awe amedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambulika. Asiwe na kipato chake mwenyewe cha ajira au mkataba. Awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Asiwe na mfadhili mwingine anayemlipia kila kitu. Kwa anayeendelea na masomo, awe amefaulu mitihani ya mwaka uliotangulia.

Hakuna mahali ambapo sheria inasema mwombaji awe ameishi nchini miaka kadhaa, wala awe mkazi wa mkoa fulani. Mtoto wa Makutupora na mtoto wa Masaki, Dar es Salaam, wanaingia kwa mlango mmoja. Hata Mtanzania aliyezaliwa nje ya nchi hakufungiwa. Anachotakiwa ni kuthibitishiwa nyaraka zake na mamlaka za usajili, RITA kwa Bara au ZCSRA kwa Zanzibar.

Ila kuna jambo la kuangaliwa. Masharti mengi yanayomgusa mwombaji moja kwa moja hukaa katika mwongozo unaotolewa kila mwaka kabla ya dirisha kufunguliwa. Ukomo wa umri uliwahi kuwa chini ya miaka 35. Kuna miaka mwongozo uliwaweka kando watoto wa wenye kampuni zilizosajiliwa. Vipaumbele vya kozi navyo hupanda na kushuka kulingana na mipango ya taifa. Mwongozo wa kila mwaka unampa mtunga sera wepesi wa kurekebisha, lakini unamnyima mzazi nafasi ya kujipanga. Anayeingia kidato cha tano leo hana uhakika ni kanuni ipi itakayompima atakapomaliza.

Kurasa mbili zinazorudishwa nyumbani

Maombi hufanyika mtandaoni. Mwombaji hujisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, ileile atakayotumia kuomba chuo, na aliyerudia mtihani hutaja namba zake zote. Hulipa ada ya Sh 30,000 isiyorudishwa. Hujaza taarifa zake na za wazazi, kisha huchapa fomu. Hapo ndipo mtandao unapokwisha na miguu kuanza kazi, kwa sababu ukurasa wa pili na wa tano hutakiwa kusainiwa na watu wa mahali: mdhamini mwenye kitambulisho, kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia, na hakimu au wakili wa kuthibitisha kiapo. Zikishapigwa mihuri, kurasa hizo hupandishwa tena kwenye mfumo.

Muhuri wa serikali ya mtaa ndio ukazi uliorudi kwa mlango wa nyuma. Pale Veyula, jirani na Makutupora, dada anayemshughulikia mdogo wake aliyeko kambini Mafinga au Ruvu ataingia ofisini kwa mtendaji wa mtaa na maneno kama haya:

"Shikamoo mzee. Mdogo wangu yuko JKT, naomba umsainie fomu yake ya bodi."

"Marahaba. Mdogo wako yupi? Mtoto wa nani?"

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtihani wenyewe. Akitajwa baba anayejulikana, aliyelima zabibu hapo miaka ishirini, muhuri unapigwa dakika hiyohiyo. Familia ikiwa imehamia juzi kufuata kazi ya kibarua au malisho ya ng'ombe, mtendaji ana haki ya kusita, maana saini yake inasema "namfahamu". Na akiwa makini, hafanyi kosa. Aliyemtwisha jukumu la kuwa daftari la watu ndiye wa kuulizwa.

Sasa geuza picha. Kijana wa Newala yuko Makutupora anafundishwa kukimbia mchakamchaka. Mtendaji wa hapo hamjui, wala hana sababu ya kumjua. Kilichobaki ni kumtumia mzazi kurasa hizo kwa simu ya mtu, mzazi azichape kwenye steshenari, azizungushe kwa mtendaji na kwa wakili, azipige picha, azirudishe, kisha zipandishwe kwenye mfumo kabla dirisha halijafungwa. Mwenye kaka anayejua kompyuta humaliza kwa siku mbili. Ambaye mama yake hana simu janja, na ofisi ya mtaa iko mbali, huenda akajikuta kwenye orodha ya waombaji wenye fomu zenye kasoro, ambayo Bodi huitangaza ili watu warekebishe. Kasoro zinazojirudia humo ni zilezile: saini ya mdhamini haipo, muhuri wa mtaa haupo, cheti hakijahakikiwa. Nyingi kati yake hazina uhusiano wowote na swali la kama kijana ni maskini au la.

Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo

Nguzo ya pili ni RITA. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe, na cha kifo vilevile kwa aliyefiwa na mzazi. Kwa aliyezaliwa hospitali mjini na kusajiliwa mapema, hilo ni jambo la malipo kidogo na siku chache za kusubiri. Kwa wengine historia ni ndefu zaidi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ipo tangu 1920, lakini mkoloni hakuona haja ya kumlazimisha Mwafrika wa kawaida kusajili mtoto, na mazoea hayo yaliishi muda mrefu baada yake. Sensa ya 2012 ilikuta watu wenye cheti cha kuzaliwa ni kama asilimia 13 tu.

Serikali ilianza kurekebisha. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, unaotoa cheti bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya, ulianzia Mbeya mwaka 2013 kisha ukasambazwa mkoa kwa mkoa. Fanya hesabu ya umri hapo. Mtoto aliyekuwa na miaka minne mwaka 2013 anafika kidato cha sita mwishoni mwa muongo huu. Wengi wanaoomba mkopo sasa walizaliwa kati ya 2004 na 2007. Walikuwa wameshavuka umri mpango ulipoanza. Hiki ni kizazi kilichoangukia katikati: mfumo wa mikopo umeshakuwa wa kidijitali, ilhali kuzaliwa kwao hakukuandikwa popote zaidi ya kadi ya kliniki.

Majina huongeza ugumu. Utoaji wa majina katika kaya za Kigogo, kama ilivyo kwingi nchini, hauendi kwa utaratibu wa fomu. Mtoto huitwa jina la babu nyumbani, la ubatizo kanisani, na mwalimu wa darasa la kwanza huandika alilosikia. Akifika kidato cha nne, jina la shule limeshafungwa na namba ya mtihani. Cheti kikichukuliwa baadaye kwa jina la nyumbani, mifumo miwili inamwona kama watu wawili, na kuwaunganisha kunahitaji kiapo au hati ya kubadili jina, pamoja na gharama za wakili.

Cheti cha kifo kina uzito wake wa pekee. Yatima hupewa kipaumbele, nacho ni kipaumbele cha haki. Lakini baba aliyefia nyumbani kijijini akazikwa kesho yake hana cheti hadi mtu akisajili kifo, na mara nyingi hakuna aliyekisajili kwa sababu hakukuwa na mirathi ya kugombea wala akaunti ya benki ya kufunga. Hivyo yatima aliyeachiwa mali huwa na karatasi kuliko yatima ambaye hakuachiwa kitu. Mfumo uliokusudia kumwinua wa pili humwona kwanza wa kwanza.

Umaskini unapimwaje pasipo hati ya mshahara?

Kustahili kwa sheria si kupangiwa fedha. Baada ya kuvuka masharti ya msingi, mwombaji hupimwa uhitaji, na matokeo yake ndiyo huamua apewe kiasi gani katika ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita boom, ilipandishwa mwaka 2022/23 kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku.

Nchi ambayo wazazi wengi hawana hati ya mshahara haiwezi kupima kipato moja kwa moja. Bodi hutumia viashiria: uyatima, ulemavu wa mwombaji au mzazi unaothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa, kaya kuwa katika mpango wa TASAF wa kaya maskini, ufadhili wa awali wa masomo, na aina ya shule aliyosoma. Viashiria hivyo vina mantiki, ila vinabana upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwalimu wa shule ya msingi Makutupora anaonekana wazi, mshahara wake uko kwenye mfumo wa serikali hadi senti ya mwisho. Mfanyabiashara wa mazao anayemzidi mara tano hana karatasi, na akiandika "mkulima" hakuna wa kumbishia ila mtendaji yuleyule.

Mkulima halisi naye ana taabu yake. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Ada ya maombi, uhakiki wa vyeti, uchapishaji na wakili vyote hudaiwa kabla ya hapo, fedha ya zabibu ikiwa haijaingia. Sh 30,000 pamoja na viambatanisho vyake si kiasi cha kumshinda mtu mwezi Septemba. Mwezi Julai ni habari nyingine.

Aliyelipiwa shule binafsi na mjomba, kanisa au mfadhili anakumbana na kitu kingine: asipokuwa na barua ya ufadhili, ada ile humfanya ahesabiwe kama mtoto wa mwenye uwezo. Mjomba akiwa amefariki au mahusiano yamevunjika, barua ya nani italetwa?

Zanzibar, ambako ukazi umeandikwa

Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, hivyo HESLB huhudumia pande zote mbili. Zanzibar, hata hivyo, ina bodi yake, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2011 kwa ajili ya Wazanzibari. Hapo uraia wa Tanzania hautoshi. Lazima mtu awe Mzanzibari, hadhi iliyofafanuliwa na sheria ya mwaka 1985 na inayoonekana leo katika kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kinachosimamiwa na ZCSRA.

Mzanzibari basi ana milango miwili, ingawa hawezi kufadhiliwa kikamilifu na yote miwili kwa pamoja. Wako Bara wanaoliona hilo kuwa ni upendeleo. Ukilitazama kwa mantiki ya kifedha, serikali inayotoa fedha kutoka mfuko wake ina haki ya kutaja wanufaika wake. Lakini Zanzibar inafundisha pia gharama ya njia hiyo. Ukazi ukishakuwa ufunguo wa huduma, kitambulisho cha ukazi hugeuka kuwa jambo la siasa. Wanaokumbuka mabishano ya uandikishaji wa wapiga kura visiwani, na sharti la kuishi jimboni miezi 36, wanajua jinsi swali la "huyu ni wa hapa?" linavyoweza kupita mikononi mwa sheha na kuacha manung'uniko ya miaka.

Majirani na wa mbali

Kenya ilitangulia kwa bodi yake, HELB, kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo huo nao ni wa raia. Ukazi upo katika mkondo mwingine kabisa, wa basari za maeneo bunge na za kaunti, ambako mwombaji huthibitishwa na chifu wake. Mwaka 2023 Kenya ilileta mfumo mpya wa ufadhili uliowagawa wanafunzi katika makundi kwa kukokotoa uhitaji wa kila mmoja. Malalamiko yakawa mengi, kwamba watoto wa wachuuzi wamewekwa kundi la wenye nacho, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautamka kuwa kinyume cha Katiba, uamuzi ambao serikali iliukatia rufaa. Funzo lake kwetu ni kwamba fomula ya kompyuta haiwi ya haki kwa sababu tu haina sura ya mtu. Isipoweza kueleza kwa nini fulani kawekwa hapa na jirani yake kule, watu huiona kama bahati nasibu.

Uganda, kwa sheria ya mwaka 2014, ilianza na raia wanaosoma zaidi kozi za sayansi. Hapo kichujio kikubwa ni kozi, kuliko makazi.

Uingereza ndiyo nchi ambayo ukazi umekaa katikati ya sheria. England humtaka mwanafunzi awe na ruhusa ya kudumu ya kuishi nchini na awe amekaa kwa kawaida huko miaka mitatu kabla ya siku ya kwanza ya kozi. Maana ya kukaa kwa kawaida iliwekwa na mahakama ya juu ya nchi hiyo mwaka 1982, katika kesi ya Shah dhidi ya baraza la Barnet. Mwaka 2015 ikaja kesi ya Beaurish Tigere, binti aliyeletwa kutoka Zambia akiwa na miaka sita, akasoma shule zote England hadi akawa kiranja mkuu, kisha akanyimwa mkopo kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kudumu. Mahakama ya Juu iliamua kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kanuni hiyo ilikiuka haki zake, na serikali ikalazimika kuweka njia kwa walioishi nchini muda mrefu.

Kesi hiyo inagusa upande ambao sisi hatuzungumzii sana. Mkimbizi aliyekulia Nyarugusu, Kigoma, kambi iliyopo tangu 1996, hana mlango HESLB hata kama hajaiona nchi ya wazazi wake. Tegemeo lake ni ufadhili kama ule wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR. Tofauti kubwa ipo kwa Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972, waliokuwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia, vyeti vikitolewa kwa wingi kuanzia 2014, na watoto wao leo ni Watanzania kama wengine mbele ya Bodi. Uamuzi mmoja wa uraia ulifungua elimu ya juu kwa kizazi kizima. Huo ndio uzuri wa kigezo cha uraia, na ndio ukali wake: ama uko ndani kabisa, ama uko nje kabisa.

Je, tuongeze sharti la ukazi?

Kuna sauti, hasa katika mikoa inayohisi kuachwa nyuma, zinazotamani mikopo igawiwe kwa mkoa au wilaya. Dodoma ingeweza kuwa miongoni mwao. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007 mlangoni pake, lakini kuwa jirani na chuo hakumpi mtoto wa Makutupora nafasi humo.

Tanzania iliwahi kujaribu jambo la jamaa hiyo. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawiwa kwa uwiano wa mikoa ili maeneo yaliyotangulia kwa shule za misheni, kama Kilimanjaro na Kagera, yasizimeze zote. Nia ilikuwa njema. Udhaifu wake ni kwamba mwenye ndugu mkoa mwingine anaweza kumhamishia mtoto akafanyie mtihani huko, na asiye na ndugu hana pa kwenda. Sharti la ukazi humnufaisha anayeweza kuhama kwa mpango, na humwadhibu anayehama kwa shida.

Hata sasa serikali inajua kuandika sharti la ukazi inapolitaka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, hutolewa kwa vikundi vya wakazi wa halmashauri husika. Hapo ina maana, kwa kuwa fedha imekusanywa kwao na biashara itafanyika kwao. Mkopo wa chuo haufanani na huo. Fedha ni ya taifa, na mhitimu atafanya kazi popote.

Urejeshaji unathibitisha hoja hiyo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika, kutoka asilimia 8 ya awali. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyofanya madeni yavimbe, ilifutwa mwaka 2021. Makato hayamfuati mtu kwa mtaa wake. Humfuata kwa namba zake. Serikali ikitaka chake, humpata mdaiwa bila kumuuliza mtendaji wa Veyula. Inapotaka kumpa, humtuma akatafute muhuri.

Kinachoweza kubadilishwa

Hakuna kati ya haya kinachohitaji kubomoa Bodi. Sharti la uraia libaki, kwa sababu ni jepesi kueleweka na halimgawi Mtanzania kwa mkoa wake. Kinachohitaji kuguswa ni uthibitisho.

Kwanza, RITA, ZCSRA, NIDA ya vitambulisho vya taifa, TASAF, NECTA ya mitihani na Bodi zote ni za umma. Cheti kilichotolewa na taasisi moja kisiwe na haja ya kubebwa na kijana kwenda kuhakikiwa kwa ajili ya nyingine, wala kaya iliyokwisha kutambuliwa na TASAF isitakiwe kujieleza upya. Kwa mwenye namba ya NIDA na cheti kilichomo kwenye mfumo, muhuri wa mtaa ungebaki kwa mambo ambayo mtaa pekee unayajua, kama hali halisi ya kaya.

Pili, uhakiki uanzie kidato cha tano. Vijana hawa wako shuleni miaka miwili, mahali pamoja, chini ya mwalimu anayewajua. RITA na NIDA wakifika shuleni kipindi hicho, kasoro za majina na vyeti zitatatuliwa kabla ya mtihani, na Juni ya Makutupora itabaki kuwa ya gwaride.

Tatu, kambi zenyewe zitambuliwe kama mahali pa kuthibitishia. Jeshi lina orodha ya kila kijana, limeona vyeti vyake, na halina undugu naye. Saini ya ofisa wa kambi kwa aliyeko mafunzoni ina uzito usiopungua ule wa mtendaji.

Nne, vifo visivyosajiliwa vipewe njia fupi. Kaya inayotambuliwa na serikali ya kijiji kuwa imefiwa isajiliwe kwa kampeni, kama inavyofanyika kwa watoto wachanga, ili yatima asianze kusajili kifo cha baba yake wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Tano, masharti makuu, yaani umri, miaka tangu kuhitimu na viashiria vya uhitaji, yatangazwe kwa miaka mitatu kwa pamoja badala ya mwaka mmoja mmoja, na kila aliyekosa aelezwe ni kigezo gani kilimwangusha. Dirisha la rufaa lipo, lakini rufaa ya mtu asiyejua kosa lake ni kubahatisha.

Yapo mapingamizi ya haki. Kulegeza uthibitisho kunaweza kufungua mlango kwa wadanganyifu, na fedha inayotolewa kwa asiyestahili ni ya mwingine aliyekosa. Ila udanganyifu uliopo leo haupiti kwa kukosa mihuri. Unapita na mihuri yote, kwa sababu mwenye uwezo ndiye anayeweza kuipata haraka. Daftari zilizounganishwa zingembana huyo vizuri kuliko saini ya jirani, maana namba ya kampuni, ya gari na ya kiwanja haziwezi kusema ni "mkulima".

Ukomo wa bajeti nao ni wa kweli. Hata mfumo ulionyooka kabisa hautampa mkopo kila anayestahili. Lakini fedha isipotosha, anayekosa akose kwa sababu mwenzake ana uhitaji zaidi yake, jambo ambalo mzazi wa Makutupora anaweza kuelezwa akalielewa. Kukosa kwa ajili ya ukurasa wa tano usio na muhuri ni jambo ambalo Bodi yenyewe haiwezi kulitetea, na halihitaji shilingi bilioni hata moja kuliondoa.